Umeitwa kwa mtendaji kwamba mtoto wako mwenye ulemavu hasomi: fanya hivi

Karatasi yenyewe huwa fupi. Ina muhuri wa ofisi ya kata, jina lako, tarehe na saa, halafu mstari mmoja: unatakiwa kufika bila kukosa kujibu tuhuma za kutompeleka mtoto shule. Haisemi kwamba mtoto ana mtindio wa ubongo. Haisemi kwamba Januari ulimpeleka, mwalimu mkuu akakwambia urudi naye nyumbani mpaka atakapoweza kwenda chooni mwenyewe. Maneno hayo hayajaandikwa popote, na hapo ndipo mambo ya wazazi wengi yanapoharibikia, iwe Dodoma Jijini, Bahi, Chamwino au Kongwa. Shule ndiyo iliyomkataa mtoto, lakini ilimkataa kwa mdomo. Siku ya kuulizwa, daftari la uandikishaji linaonyesha jambo moja tu: mtoto hayumo.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni karatasi. Wakili ni muhimu, nitamfikia, ila hata wakili mzuri hawezi kutetea kitu ambacho hakikuandikwa.

Kwanza: jua aliyekuita ni nani

Wito wa mtendaji wa kata au wa kijiji si kesi. Anatekeleza sheria ndogo za halmashauri na anafuatilia utoro, mara nyingi baada ya kupelekewa majina na walimu au mwenyekiti wa mtaa. Wito wa afisa ustawi wa jamii ni hatua nyingine. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua mtoto ananyimwa haki zake atoe taarifa serikali za mitaa, na afisa ustawi anaweza kumwita anayetuhumiwa, wakazungumza, kisha akaamua kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Ukikaidi uamuzi wake ndipo jambo linakwenda mahakamani. Ukiitwa polisi, hasa Dawati la Jinsia na Watoto, hayo ni maelezo ya jinai. Samansi ya mahakama inamaanisha shauri limeshafunguliwa, na hapo usiende peke yako.

Popote ulipoitwa, nenda. Kuna wazazi ambao wakiona muhuri tu wanamsafirisha mtoto kwa bibi yake kijijini ili waseme "hayupo hapa". Afisa ustawi akifika akakuta mtoto ametoweka, hawazi habari za shule tena, anawaza kwamba unamficha. Kama siku waliyopanga ni ya kliniki ya mtoto, andika barua fupi ya kuomba siku nyingine, ambatisha nakala ya kadi ya kliniki, ipelekwe kabla ya siku yenyewe.

Pili: jua unachotuhumiwa

Sheria ya Elimu, kifungu cha 35, inataka kila mtoto aliyefikisha miaka 7 na ambaye hajafikisha 13 aandikishwe shule ya msingi, na mzazi ahakikishe anahudhuria mpaka amalize. Ndiyo maana kumfundisha nyumbani peke yako, hata ukimfundisha vizuri, hakufungi mdomo wa anayekushtaki. Sheria ya Mtoto, kifungu cha 8, inaweka elimu katika orodha ya mambo ambayo mzazi lazima ampe mtoto, pamoja na chakula, malazi, mavazi na matibabu. Anayepatikana na hatia ya kuvunja haki hizo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili.

Hizo ndizo utakazosomewa. Ambayo mara nyingi hutasomewa ni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Kifungu chake cha 27 kinampa mtoto mwenye ulemavu haki sawa ya kupokewa katika shule ya umma au ya binafsi, na kinataka apewe huduma saidizi zinazolingana na ulemavu wake. Yaani wajibu una pande mbili: wewe umlete, wao wampokee na wamsaidie. Anayekushtaki kwa upande wa kwanza lazima aulizwe kuhusu upande wa pili. Nakili namba ya sheria hiyo na kifungu kwenye kikaratasi uende nacho. Si kwa kumtishia mtu; afisa wa kata ana mambo mengi kichwani na inawezekana hajawahi kuisoma.

Tatu: kusanya faili kabla ya siku ya wito

Nunua faili la kawaida la karatasi. Weka cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki ya tangu utotoni, na kila karatasi ya hospitali, hata zile zilizokunjwa mara nne zikachanika mikunjoni. Piga nakala mbili za kila kitu. Karatasi halisi usimwachie mtu.

Kama mtoto hajawahi kupimwa rasmi, anza na zahanati au kituo cha afya uombe rufaa. Kwa Dodoma rufaa hizi huelekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile watu wanayoiita General, au Benjamin Mkapa. Kwa usonji, ulemavu wa akili na matatizo ya tabia, Mirembe. Wengi wanaikwepa Mirembe kwa sababu ya jina lake mtaani, na ni hasara, kwa sababu ni hospitali ya taifa ya afya ya akili na maelezo yake yana uzito mezani. Ukimwona daktari, usitosheke na jina la ugonjwa. Mwombe aandike mtoto anaweza nini, hawezi nini, na anahitaji nini ili asome. "Ana kifafa" haimsaidii hakimu. "Anapata degedege mara kwa mara, anahitaji mtu mzima karibu na dawa kwa saa maalumu" inamweleza kwa nini usingeweza kumwacha atembee kilomita kadhaa porini peke yake.

Kisha kaa chini uandike historia ya shule kwa tarehe. Ulimpeleka lini, ulimkuta nani, alikwambia nini, nani alikuwepo. Kama hukumbuki siku, andika mwezi; usibuni, maana tarehe moja ya uongo huangusha kumi za kweli. Tafuta mashahidi wa kawaida: jirani uliyeongozana naye, bodaboda aliyekubeba, mzazi mwingine aliyekuwa kwenye foleni ya uandikishaji. Meseji za simu kutoka kwa mwalimu usizifute. Mpe mtu azichapishe, namba na tarehe zionekane.

Na kama ukweli ni kwamba hukuwahi kumpeleka? Wapo. Mwingine aliona aibu, mwingine aliogopa watoto wenzake watampiga, mwingine aliambiwa na wakwe kwamba "huyu wa kusoma nini". Usitunge safari ambayo hukwenda. Sema ulivyoogopa na kwa nini, halafu uoneshe ulichofanya tangu upate wito. Afisa ustawi anapima zaidi unakoelekea kuliko ulikotoka, na barua ninayoielekeza hapa chini ndiyo ushahidi wa unakoelekea.

Nne: andika barua ya maombi leo, usisubiri kikao

Hii ndiyo hatua yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Mpelekee mwalimu mkuu wa shule ya jirani, nakala kwa afisa elimu kata na kwa afisa anayeshughulikia elimu maalumu pale halmashauri. Iandikwe kwa mkono, haidhuru, ila isomeke. Mfano:

*Mwalimu Mkuu,*
*Shule ya Msingi ………*

*YAH: MAOMBI YA KUANDIKISHWA NA KUPATIWA HUDUMA ZA ELIMU MAALUMU KWA MTOTO ………*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mzazi wa mtoto aliyetajwa, mwenye umri wa miaka ………, mkazi wa mtaa wa ………. Mtoto ana ……… (maelezo ya daktari yameambatishwa).*

*Mwezi ……… nilimleta shuleni kwako kwa ajili ya kuandikishwa, nikaelezwa kwa mdomo kwamba hawezi kupokelewa kwa sababu ……….*

*Kwa kuzingatia kifungu cha 27 cha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, naomba: (1) aandikishwe, (2) afanyiwe upimaji wa mahitaji yake ya kielimu, (3) kama shule haina huduma anazohitaji, nielekezwe kwa maandishi shule au kitengo kinachomfaa.*

*Naomba majibu kwa maandishi.*

Jina, sahihi, namba ya simu, tarehe. Zitoke tatu na moja ya kwako. Ile ya kwako ndiyo yenye kazi: anayepokea aigonge muhuri wa kupokelewa, aandike tarehe na asaini. Kama shule haina muhuri siku hiyo, aandike kwa mkono "nimepokea" na jina lake. Akikataa kabisa, rudi na mjumbe au jirani, mwachieni barua mezani, na huyo shahidi aandike nyuma ya nakala yako kwamba aliona. Si ugomvi huo, ni kumbukumbu.

Ombi la tatu lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Shule ikijibu "hatuna kitengo", umepata karatasi inayothibitisha kwamba mtoto hakubaki nyumbani kwa uzembe wako. Ikijibu "mlete Jumatatu", umepata shule. Isipojibu, ukimya wenye muhuri nao ni ushahidi.

Kwa watoto wasioona, shule ya Buigiri iliyopo Chamwino imekuwa ikiwapokea tangu 1950; kwa viziwi ipo Kigwe, wilayani Bahi; walio upande wa Singida wana Ikungi. Kwa ulemavu wa akili na usonji, utaelekezwa zaidi kwenye vitengo vilivyo ndani ya shule za kawaida. Pitia kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri badala ya kubisha hodi kwenye mabweni mwenyewe. Na una haki ya kusema bweni ni mbali mno kwa mtoto wa miaka saba anayelishwa. Sema hivyo kwa maandishi pia, ukieleza unapendekeza nini badala yake. Kukataa bweni bila kupendekeza kitu kutasomwa kama kukataa shule.

Tano: tafuta msaada wa kisheria wa bure

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ilitengenezwa kwa ajili ya asiyeweza kulipa. Wa kwanza kumtafuta ni msaidizi wa kisheria wa eneo lako. Huyu si wakili. Atakushauri, atakusaidia kuandika barua, atakusindikiza kwenye kikao. Kukusimamia mahakamani haruhusiwi, na hatakiwi kukutoza pesa. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inawafahamu waliosajiliwa.

Ukihitaji wakili, mashirika kama LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) na TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania) hutoa ushauri bila malipo, na Chama cha Mawakili Tanganyika kina mawakili wanaojitolea. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, nayo imekuwa ikipita mikoani; ukisikia gari la matangazo, beba faili lako. Nenda na barua ya mwenyekiti wa mtaa inayoeleza hali yako ya kipato, kwa kuwa utaulizwa. Vyama vya watu wenye ulemavu usivisahau: CHAVITA kwa viziwi, TLB kwa wasioona, TAS kwa wenye ualbino, ASBAHT kwa wazazi wa watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi. Hawa si wanasheria, lakini wanajua shule ipi inapokea na ipi inazungusha, na mwakilishi wao akikaa pembeni yako kikaoni sauti za watu hushuka zenyewe.

Jihadhari na vishoka. Wanakaa nje ya mahakama na karibu na ofisi za serikali, wanaandika barua kwa elfu kumi na kuahidi "kuimaliza" kesi. Wakili wa kweli ana namba ya uwakili, mwombe akuoneshe.

Sita: kwenye kikao

Vaa kawaida, fika mapema, nenda na mtu mmoja mtulivu. Si yule shangazi anayepigana. Mpeleke mtoto kama afya yake inaruhusu. Afisa akimwona ndipo anaelewa. Kama Kiswahili kinakupa shida na unajieleza vizuri kwa Kigogo au Kirangi, omba mkalimani tangu mwanzo, kabla hujasema lolote.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo afisa."

"Marahaba mama, karibu. Tumeambiwa mtoto wako ana miaka tisa na hajui hata mlango wa darasa."

"Ni kweli hayupo shule, afisa. Ila nilimpeleka, wakamrudisha. Nina barua hapa, imepokelewa, ina muhuri. Na hii ni ya daktari."

"Mwalimu mkuu anasema hakuwahi kukuona."

"Basi naomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba nimesema nilimpeleka, na jina la shahidi wangu liwekwe. Na naomba leo tujue atasoma wapi."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ya kushikilia. Kikao kikibaki kwenye "kwa nini hakusoma", wewe ni mtuhumiwa mpaka jioni. Kikihamia kwenye "atasoma wapi na kwa msaada gani", wote mliomo humo mna kazi ya kufanya.

Mwishoni utaletewa karatasi ya makubaliano usaini. Isome, au usomewe na uliyekwenda naye. Nyingi zinaandikwa upande mmoja: "Mimi fulani naahidi kumpeleka mtoto shule na nisipotekeleza hatua za kisheria zichukuliwe." Ukisaini hiyo na shule ikamrudisha tena mtoto wiki inayofuata, umejifunga mwenyewe. Omba iongezwe upande wa pili: shule ipi itampokea, kuanzia lini, nani atampima, nani atamsaidia chooni na kwenye dawa, na tarehe ya kukutana tena. Wakikataa kuongeza, andika juu ya sahihi yako: "Naahidi kumleta, naomba shule impokee na impe huduma kwa mujibu wa sheria." Chukua nakala, au ipige picha.

Ukiambiwa kuna faini, uliza ni kwa sheria ndogo ipi, kisha omba namba ya malipo ya Serikali ulipe benki au kwa simu upate risiti. Pesa ya mkononi "ili yaishe" haiishi; mwezi unaofuata utaitwa tena.

Kama kaya yako ipo TASAF, mweleze pia msimamizi wa mpango hapo kijijini. Malipo yanaendana na mahudhurio ya watoto shuleni, kwa hiyo jina la mtoto asiyesoma linaweza kukupunguzia ruzuku huku wewe ukihangaikia ya kata. Mpe nakala ya barua yenye muhuri.

Saba: ikifika polisi au mahakamani

Polisi: una haki ya kuambiwa kosa lako, kuwasiliana na ndugu au wakili, na kusomewa maelezo yako kabla ya kuyasaini. Dhamana hailipiwi. Ukishikiliwa, unatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Jambo la kwanza kusema ni kwamba una mtoto mwenye ulemavu nyumbani na nani yuko naye sasa hivi, akaangaliwe.

Mashauri ya mtoto kuhitaji matunzo na ulinzi husikilizwa na Mahakama ya Watoto, chini ya hakimu mkazi. Hayasikilizwi mbele ya umati, afisa ustawi huwepo, na ripoti yake ina uzito mkubwa kuliko kelele za mtu yeyote. Hofu ya kila mzazi ni kunyang'anywa mtoto. Mahakama inaweza kuamua hivyo, lakini inaweza pia kuamua mtoto abaki nyumbani chini ya uangalizi wa afisa ustawi. Afisa akija kukagua nyumbani kabla ya kuandika ripoti, mwoneshe mtoto anapolala, anachokula, dawa zake, na madaftari au vifaa unavyomfundishia. Jibu maswali yake bila kumsema vibaya mwalimu. Kama aliyepeleka taarifa ni mzazi mwenzako mliyeachana, usiyafungulie mambo ya ndoa hapo. Yana mahakama yake.

Kama umeshtakiwa kwa jinai, zingatia sana dakika ya kwanza. Utasomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli. Wazazi waliolelewa kwa adabu hujibu "ni kweli mheshimiwa", wakiwa na maana kwamba ni kweli mtoto hayupo darasani, na wanajikuta wamekiri kosa. Ukweli wako una vipande viwili, vitoe vyote: "Mtoto hakuwa shule, lakini nilimpeleka na shule ilimkataa." Jibu la namna hiyo halipaswi kuandikwa kama kukiri, mahakama inatakiwa kuliandika kuwa umekana, na upande wa mashtaka ulete ushahidi. Kisha omba muda wa kutafuta msaada wa kisheria. Tangu 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo ukipewa karatasi usiyoielewa lugha yake, sema palepale.

Nane: wasipompokea hata baada ya yote

Barua ya pili iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ya tatu kwa Afisa Elimu Mkoa, na baada ya hapo TAMISEMI. Sisi wa Dodoma tuna bahati ambayo mzazi wa Kigoma hana: makao makuu ya TAMISEMI yapo hapahapa, nauli ya daladala tu. Taja kwenye barua Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26, ambao Serikali yenyewe iliuandika. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, nayo ina makao makuu Dodoma, hupokea malalamiko bila malipo dhidi ya ofisi ya umma iliyokataa kutoa haki. Wanachotaka ni mtiririko: ulimwandikia nani, lini, alijibu nini. Ukiwa na nakala zenye muhuri utaumaliza mtiririko huo kwa ukurasa mmoja.

Mtoto akiumizwa au akifungiwa mahali, na wewe huwezi kufika popote, piga 116, simu ya mtoto, haina gharama.

Na Oktoba uandikishaji wa mwaka unaofuata unapofunguliwa, uwe wa mwanzo kufika na barua yako, hata kama mtoto tayari yuko kwenye kitengo. Walimu wakuu huhamishwa, na mpya anaweza asijue chochote kuhusu makubaliano yenu.